Fito Tatu za Lango la Mama Mkwe

Nianze na ukweli: mimi napenda kujisifu. Chapati zangu zikitoka laini, jirani atajua. Ng'ombe wetu akizaa ndama jike, habari zitafika mpaka Bomet. Mume wangu husema nilizaliwa na kipaza sauti mkononi, nami humwambia afadhali mimi kuliko yeye aliyezaliwa amelala. Kwa hivyo ninapotaka kumsifu binti yangu hapa, najua wanaonifahamu watasema, haya, ameanza tena. Sijaanza tena. Hii ni sifa nyingine kabisa, na nimeipata kwa aibu yangu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu. Shule yetu iko upande wa Kapkatet, juu kidogo ya kituo cha kupimia majani chai, na watoto wengi hufika asubuhi soksi zimelowa kwa sababu wamekata njia katikati ya chai. Wengine ni wa wakulima wa hapa, Wakipsigis kama mimi. Wengine wazazi wao walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, na wanakaa kwenye nyumba za kampuni. Binti yangu naye yumo humo humo darasani kwangu, gredi ya sita. Shuleni ananiita Mwalimu, nyumbani ananiita Mama, na hajawahi kuchanganya hata siku moja.

Mwaka ule mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafungua kabati la chuma na kunionyesha vishikwambi vilivyokaa humo mpaka vumbi likavizoea. Akasema watoto sasa lazima wafundishwe usalama wa mtandaoni, jinsi ya kujilinda na jinsi ya kukaa na watu huko kwa heshima.

"Na kwa nini mimi?" nikauliza.

"Mwalimu, hapa shuleni ni nani mwingine yuko kwa simu kila saa?"

Nikabeba vishikwambi vyangu nikaenda.

Nilianza vibaya. Niliandika ubaoni sheria kumi za kijitabu kilichotoka Nairobi, watoto wakazinakili, tukazitungia wimbo na makofi juu yake. Usimpe mtu nywila yako! Usiongee na usiyemjua! Ukipita nje ya dirisha ungesema hapa kuna kwaya. Wiki ya pili nikawajaribu. Nikauliza, mtu usiyemjua akikuandikia, utafanya nini?

"Sitamjibu!" darasa zima.

"Na akisema anamjua mama yako?"

Wakatazamana. Halafu mvulana mmoja akasema, bila hata kuinua mkono, "Si basi ni mtu wetu?"

Na wote wakaitikia kwa vichwa, binti yangu pamoja nao. Nilikasirika! Niliwaambia nimefundisha maboga, niliwaambia wimbo umeishia masikioni, nikapiga ubao kwa chaki ikavunjika. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani hasira ilinishuka, nikaona kwamba yule mvulana hakukosea sana. Hapa kwetu mtu akimjua mama yako ni mtu wako. Anapewa kiti, anapewa maziwa ya kibuyu, mursik yenyewe, kabla hajaulizwa shida yake. Sasa mimi nimekuja na kijitabu cha Nairobi kumwambia mtoto asiongee na mtu.

Nikafika langoni kwetu nikiwa bado nawaza hayo, na mama mkwe wangu akanizuia.

Hapo inabidi nieleze lango letu. Majirani wote wameshaweka mageti ya chuma. Mama mkwe amekataa. Lango lake ni nguzo mbili na fito tatu nzito zilizolazwa, unazivuta moja moja ndipo upite. Na yeye, akiwa mzima au akiwa na homa, hamfungulii mtu kwa hodi peke yake. Anasimama ndani, mkono juu ya ufito, anauliza. Wewe ni wa nani? Ukijibu vizuri anavuta ufito wa juu. Umepita kwa nani kuja hapa? Anavuta wa katikati. Na hapa nani anakujua? Akimaliza hapo anamtuma mtoto akamwite huyo uliyemtaja, na wewe unangoja na ufito wako mmoja mpaka mtoto arudi. Hata mimi, miaka hii yote nikiwa mke wa mwanawe, hunitania kwa kuniuliza nimepita kwa nani. Watoto wanamwita kogo, yaani nyanya, na kijiji kizima kinamwita askari.

Kuna sababu. Nilipokuwa bibi arusi, sina hata mwezi hapo, alikuja mwanamume akasema amemjia shangazi yake, yaani mama mkwe. Mama mkwe alikuwa shambani. Mimi na kiherehere changu nikakimbia langoni nikamwambia, "Ah, wewe si ndiye kijana wa yule ndugu wa Siongiroi?" Akasema ndiye. "Yule wa kuuza ng'ombe?" Huyo huyo. Nilimvutia fito zote tatu kwa mpigo. Akanywa maziwa, akasifu kibuyu, akanibariki nipate watoto, na alipoondoka aliondoka na koti la mvua la baba mkwe, lile zuri. Mama mkwe aliporudi hakunipigia kelele. Aliniambia neno moja tu: "Wewe ndiye uliyemwambia yeye ni nani."

Basi jioni ile aliponizuia na swali lake la utani, nilishtuka. Nilimkumbatia palepale juu ya fito, na yeye akauliza kama nimelewa.

Kesho yake nilifuta zile sheria kumi. Nikachora ubaoni nguzo mbili na fito tatu. Nikawaambia watoto, simu yako ni boma, na kila ujumbe ni mtu amesimama nje. Hatumfukuzi mgeni, sisi si watu wa kufukuza wageni, lakini havuti ufito mwenyewe na wewe humvutii bure. Msichana mmoja ambaye baba yake anafanya kazi kiwandani akasema, "Mwalimu, kwetu hakuna lango. Nyumba zimefuatana tu." Nikamuuliza, kwani mtu akigonga mama hufanya nini? "Huuliza akiwa ndani, mlango ukiwa na komeo." Nikamwambia hilo ndilo lango lenu. Akachora makomeo matatu kwenye daftari lake na akapata alama zote.

Tuliigiza. Mmoja mgeni, mmoja mwenye boma. Na mara moja wakaanza kufanya kosa langu lile lile: "Wewe ni wa kwa akina fulani?" Ndiyo. "Uliona picha yangu?" Ndiyo. Darasa likawa linapiga kelele, umemwambia, umemwambia! Tukaweka sheria moja badala ya kumi: usiulize swali lenye jibu ndani yake. Uliza jambo ambalo aliyekuwepo hawezi kukosa, na asiyekuwepo hawezi kubahatisha. Kisha mwite mtu mzima aje aangalie ufito wa mwisho.

Wacha niwaambie, kitu kilishika! Mzazi mmoja alikuja shuleni kulalamika kwamba alimtuma mwendesha boda amchukue mtoto kwa sababu ya mvua, mtoto akamhoji yule mwendesha boda mpaka wote wawili wakalowa chepechepe. Baba mwingine aliniambia mtoto wake anamuuliza kila anayempigia simu ni fito ngapi. Likawa neno lao uwanjani. Mtu akileta hadithi isiyoaminika, "Huyo bado fito tatu." Mimi nilikuwa natembea kijijini shingo ndefu. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba wizara ingekuja kujifunza kwangu.

Ndipo zikaja mbio.

Binti yangu anakimbia. Ni mwembamba kama fimbo ya mchungaji na hachoki. Muhula ule alichaguliwa kwenda kukimbia mita mia nane huko Bomet, na mimi nilikwenda naye nikiwa nimemnunulia viatu vya bluu. Asubuhi ulikuwa mchujo. Alikimbia peke yake mbele tangu mzunguko wa kwanza, akamaliza akicheka, na mimi nilichukua yote kwa simu. Mchana ikawa fainali. Kwenye kona ya kwanza kabisa msichana wa nyuma yake alimkanyaga kisigino na kiatu cha kushoto kikatoka. Uwanja mzima uliguna. Alikimbia na kiatu kimoja na soksi moja yenye matope, akiwa wa mwisho, na akaanza kuwapita mmoja mmoja. Alimaliza wa tatu. Watu walisimama wakipiga makofi, mzee mmoja aliyeketi karibu nami alifuta macho kwa kofia yake.

Na mimi je? Mimi niliona matope. Niliona wa tatu. Nisamehewe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jioni niliweka video ya asubuhi, ile ya mchujo, kwenye ukurasa wangu na kwenye kila grupu nililomo, nikaandika: Binti yangu, namba moja, bingwa wa mita mia nane, kwenye fainali leo! Jina la shule lilikuwa limeandikwa kifuani pake. Pongezi zikamiminika. Binti yangu alisoma juu ya bega langu akasema, "Mama, lakini..." Nikamwambia hayo ni mambo madogo, kushinda ni kushinda. Mama mkwe aliniuliza langoni amekuwa wa ngapi, nikasema wa kwanza. Binti yangu alikuwa ameinama anatoa tope kwenye soksi.

Siku tatu baadaye kocha mmoja aliniandikia.

Alianza na chamgei, salamu yetu, vizuri kabisa. Akasema yeye hutafuta vipaji kwa ajili ya kambi ya kukimbia, kwamba alikuwa uwanjani Bomet, kwamba ameona wasichana wengi lakini huyu ni wa pekee. Sasa niambieni, ni mzazi gani wa huku kwetu ambaye hajawahi kuota ujumbe huo? Sisi tunawajua watu waliotoka kwenye nyumba za udongo wakakimbia mpaka ng'ambo. Nikaketi juu ya ndoo ya maziwa. Nikamjibu. "Uliona alivyowaacha?" Aliona. "Alikuwa na viatu vya bluu." Ndiyo, vya bluu. "Wewe utakuwa ni mtu wa upande huu?" Ndiyo, wa upande huo huo. Akaomba cheti cha kuzaliwa ili ahakikishe umri, nikampigia picha nikamtumia. Mwalimu wa fito! Nilimwambia hata siku anazofanya mazoezi na barabara anayopita.

Ijumaa akaomba kuongea na bingwa mwenyewe, amzoee kocha wake. Tulikuwa tumerudi kutoka shuleni, jua bado liko juu. Nilimpa binti yangu simu nikiwa nimejaa fahari, nikaenda kukamua.

Sikuwa nimemaliza ng'ombe wa kwanza akaja, amesimama mlangoni mwa zizi na simu ameishika kwa mikono miwili.

"Mama, huyu mtu hakuwa uwanjani."

"Nini?"

"Soma."

Nilipangusa mikono kwenye leso nikasoma. Kocha alikuwa amemsalimu vizuri. Amemwambia amempangia majaribio kesho Jumamosi asubuhi, wakutane Kapkatet penye magari, aje peke yake. Mama asijue kwanza, wazazi huwatia watoto woga. Halafu maswali ya binti yangu, moja moja, bila haraka.

*Kocha, siku ile nilikimbia mara ngapi?*

*Mara moja tu, ukawamaliza wote.*

*Kwa fainali nilikuwa wa ngapi?*

*Namba moja, bingwa wangu.*

*Na viatu vyangu je?*

*Vya bluu, vilikuwa vizuri sana miguuni. Kesho uvae hivyo hivyo.*

Hapo chini binti yangu hakuandika kitu kingine.

Na unajua mimi nilifanya nini? Nilimkemea. Ndiyo, mimi. Nilimwambia amemtia kocha majaribuni kama mwizi, amefukuza bahati yake kwa mdomo, mtu mkubwa haulizwi maswali ya namna hiyo. Maziwa yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye ndoo na sikuona. Kisha binti yangu akasema polepole, "Mwalimu, mtu aliyekuwa pale hawezi kusahau kiatu."

Alisema Mwalimu, na tulikuwa nyumbani.

Nikaona yote kwa mara moja, kocha hakuwa na lolote lake. Bingwa ni neno langu. Namba moja ni langu. Viatu vya bluu, mtu wa upande huu, barabara ya mazoezi, vyote nilimpa mimi, naye akawa ananirudishia. Kila mtu aliyekuwa Bomet siku ile anamkumbuka msichana wa kiatu kimoja. Aliyekosa kumjua ni yule aliyesoma uongo wangu tu. Na kesho asubuhi mtoto wangu angesimama penye magari, peke yake, akimngoja, kama angekuwa ni mtoto wa kuvuta ufito ovyo kama mama yake.

Nililia. Sitaficha. Nilimshika nikalia kwenye sweta yake ya shule mpaka akaniambia, "Mama, ng'ombe amekanyaga ndoo."

Hatukufuta ujumbe hata mmoja, maana hilo tulifundishana darasani, ushahidi haufutwi. Mume wangu alitoka kuchuma majani chai, akasoma mara mbili, akavaa viatu. Tulikwenda polisi sote watatu. Ofisa aliyekuwa zamu alikuwa mama mtu mzima, na binti yangu ndiye aliyemweleza, mwanzo mpaka mwisho, wakati mimi natafuta kitambaa. Yule ofisa aliweka kalamu chini. Akauliza, "Nani alikufundisha kuuliza hivi?"

"Mwalimu wangu," akasema. "Na kogo."

Mimi nilitazama ukutani. Siku nyingine ningemwambia yule ofisa, ndiye mimi huyo mwalimu!

Ile nambari ilizimwa kabla ya jioni, na mpaka leo sijui ilikuwa ya nani. Polisi walisema wanafuatilia. Cheti nilichotuma hakirudi, hilo nalo naishi nalo, na bado kuna siku roho hainitulii binti yangu akichelewa kwenye kona ya shamba la chai. Sasa hukimbia mazoezi na wenzake wanne, na njia hubadilishwa. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, nikachora lango, nikawaeleza habari ya mtu mzima mmoja aliyevuta fito zote tatu kwa sababu ya kupenda sifa. Waliuliza ni nani. Nikawaambia ni mimi. Hawakucheka. Yule mvulana wa "mtu wetu" aliuliza kama mtoto yuko salama, na binti yangu akiwa dawati la tatu akasema, "Yuko."

Lakini nimeruka ile jioni ya Ijumaa tuliporudi kutoka polisi. Mama mkwe alikuwa amesimama ndani ya lango, mkono juu ya ufito. Alikuwa ameshasikia, kijiji hakina siri. Mume na mtoto aliwafungulia, akarudisha fito zote tatu mbele yangu.

"Wewe ni wa nani?"

"Mama, tafadhali, leo sina nguvu."

Hakutikisika. Nikajibu. Akavuta wa kwanza. Akaniuliza nimepita kwa nani, nikasema kwa polisi, akavuta wa pili. Kisha akanitazama sana, na swali la tatu halikuwa lile tulilozoea.

"Siku ile Bomet, mjukuu wangu alikuwa wa ngapi?"

Nilimwona binti yangu nyuma yake, amekaa kwenye kigogo, anafungua kamba za vile viatu vya bluu.

"Wa tatu," nikasema. "Na kiatu kimoja, Mama. Alikuwa wa mwisho kabisa, akawapita karibu wote na kiatu kimoja! Ungeona! Watu walisimama! Mzee wa watu alilia!" Nikajikuta napaza sauti mpaka jirani akatoka nje kuangalia kuna nini, na sikujali.

"Najua," akasema mama mkwe. "Aliniambia siku ile ile. Nilikuwa nangoja wewe."

Akavuta ufito wa mwisho.